Mapambazuko ya Saa Kumi Jioni

Jumatatu, 19 Septemba

Mdogo wangu Rienk amefika leo kutoka Rotterdam na gari la mizigo na mafundi wawili wasiojua kusalimia. Mara ya mwisho alikuja Pasaka, akakaa saa mbili, akala mayai manne, akaondoka. Safari hii anasema atakaa wiki nne. Nikajua kuna kitu anakitaka.

Anataka chumba cha Baba.

Rienk ni msanii wa mwanga. Mwenyewe husema anachunguza mwanga, muda, nafasi na namna macho yanavyotudanganya. Baba husema mwanawe anauza kitu ambacho jua linakitoa bure. Mwaka juzi alifunga madirisha ya jumba zima la makumbusho akawafanya watu mia mbili waone kunapambazuka wakati nje ilikuwa alasiri. Magazeti yakamsifu, lakini yeye hakuridhika, kwa sababu watu wale walikuwa wamekata tiketi. Walikuja wakijua watadanganywa.

"Nataka mtu mmoja asiyejua, dada," aliniambia jikoni. "Mtu aliyeishi na mwanga maisha yake yote."

"Mtu huyo ni baba yako."

"Ndiyo maana nimekuja."

Baba ana miaka themanini na tisa. Amekamua ng'ombe kwa miaka sitini bila kuvaa saa hata siku moja. Alikuwa anatazama mwanga juu ya tuta la kuzuia bahari na kukuambia saa, na hakukosea. Sasa macho yake yamebakiwa na mwanga na vivuli tu, na miguu haimfikishi mbali zaidi ya choo. Anashinda chumba cha mbele, analala humo humo, kwenye kitanda cha kabatini, kilichojengwa ndani ya ukuta, alimozaliwa. Kila asubuhi anachana karatasi moja ya kalenda ya ukutani, nami namsomea kichekesho kilichoandikwa nyuma yake. Hiyo ndiyo fahari iliyombakia: kuijua tarehe. Tulipomtajia nyumba ya wazee ya mjini, miaka mitatu iliyopita, alipiga mkongojo sakafuni mbele ya daktari na jirani: "Siku nitakayokosea tarehe, nipelekeni, sitabisha. Kabla ya hapo, atakayenigusa namvunja mguu." Na mtu wa huku kwetu akishasema mbele ya watu, amesema.

Rienk anataka kumpa usiku wa bandia katikati ya mchana. Mara nne tu, anasema, halafu basi.

Nimemwambia hapana.

Jumanne, 20 Septemba

Leo nimehesabu. Baba ameniita mara thelathini na moja. Mkongojo ukutani, mara tatu, halafu "Froukje!" Mara ya thelathini na moja alitaka kujua kwa nini nilikuwa kimya.

Nimemwambia Rienk sawa.

Ijumaa, 23 Septemba

Nilidhani Baba atagoma. Kijijini kwetu dirisha la mbele halifungwi pazia; anayelifunga ana jambo analificha, na watu watalijua kabla ya Jumapili. Rienk akamwambia ni vioo viwili vya kuzuia baridi, vya rangi ya maziwa, vinapunguza gesi ya kupashia nyumba joto kwa theluthi. Baba akamwambia afanye haraka, tayari wamechelewa. Amekubali kufumbwa macho kwa sababu ni kubana matumizi. Ningecheka kama nisingekuwa ndiye niliyeshika ngazi.

Nyuma ya vioo kuna taa nyembamba kama utepe. Kidude cha kuziongoza kiko jikoni, nyuma ya kopo la unga: kitufe kimoja cha kuzungusha.

Jumatatu, 26 Septemba

Redio "imeharibika". Saa ya ukutani imekwenda kwa fundi na kurudi bila matumbo. Ndani kuna kipaza sauti kidogo kinachogonga saa tunayoitaka sisi.

"Hii saa imepata mafua," Baba amesema. "Sauti yake imekaa puani."

Jumatatu, 3 Oktoba

Leo ndiyo mara ya kwanza.

Chakula cha mchana kilikuwa viazi vya kupondwa na soseji. Saa sita na nusu Rienk akaanza kuzungusha kitufe, taratibu, kama mtu anayefungua sefu. Chumba kikawa cha manjano, halafu cha kijivu. Saa ya mafua ikagonga tatu za usiku. Nilimpelekea Baba mkate wa jioni ingawa viazi vilikuwa bado tumboni mwake.

"Leo siku imekwenda mbio," akasema.

"Vuli, Baba."

"Hata vuli ina adabu yake."

Akalala. Siku za kawaida husinzia nusu saa baada ya chakula, kisha mkongojo unaanza. Leo alikaa kimya kabisa kwa sababu aliamini ni usiku, na mkulima haamshi watu usiku. Saa kumi jioni, nje jua likiwa limeshuka upande wa kanisa, Rienk akaleta alfajiri. Mimi mwenyewe, niliyejua kila kitu, nilisimama mlangoni nikahisi baridi ya asubuhi shingoni. Siwezi kusema haikuwa nzuri.

Baba akaamka, akapapasa ukuta, akachana karatasi. Nikamsomea kichekesho cha kesho. Jikoni Rienk alikuwa anamtazama kwenye kioo cha kamera aliyoificha chumbani na machozi yanamtoka. Hayakuwa ya huruma. Alikuwa anatabasamu.

Mimi roho iliniuma. Kwenye kahawa ya saa nne za uongo, jioni hiyo hiyo, nikampa Baba biskuti mbili. Katika nyumba hii kopo hufunguliwa, kila mtu huchukua moja, kopo hufungwa. Baba akashika ile ya pili vidoleni, akaigeuza.

"Nani kafa?" akauliza.

Jumatano, 5 Oktoba

Jirani yetu Aukje, ambaye huja kila Alhamisi kunywa kahawa na kugombana na Baba, amekuja leo kuaga: anakwenda kukatwa goti na kuwekewa la chuma. Atakaa kwa binti yake Zwolle wiki nane.

"Usife nikiwa sipo, Haye," amemwambia.

"Nikifa utaukosa urithi wa matusi."

"Siku yako ya kuzaliwa nitakuja, hata kwa kutambaa. Miaka tisini, bwana. Nataka kipande kikubwa cha keki."

"Utapata kipande cha kawaida kama wengine."

Alipotoka, Baba aliniuliza mara mbili zimebaki siku ngapi hadi tarehe kumi na mbili Desemba. Alikuwa anajua jibu. Alitaka kulisikia tu.

Ijumaa, 14 Oktoba

Mara ya nne, na ya mwisho. Kalenda ya Baba iko mbele siku nne. Rienk anasema amepata alichokitaka.

Jumatatu, 17 Oktoba

Rienk amerudi Rotterdam. Mafundi watakuja kubomoa baadaye. Karatasi nne zilizozidi nitazisawazisha mimi: nitambandikia kalenda mpya, nimwambie ile imeanguka. "Na kitufe usikiguse, dada," amesema.

Jumanne, 18 Oktoba

Ameniita mara thelathini na nne.

Jumatano, 19 Oktoba

Kwaya ya kijiji cha pili hufanya mazoezi Jumatano saa nane mchana. Niliiacha miaka kumi na mmoja iliyopita, Mama alipofariki. Nilikuwa sauti ya pili, nasimama mstari wa nyuma, kati ya mke wa mchinjaji na mwalimu wa hesabu.

Nimegusa kitufe.

Niliendesha baiskeli juu ya tuta, upepo nyuma yangu, kondoo wamejaa njia. Mke wa mchinjaji alisogea kidogo bila neno lolote, nikasimama mahali pangu. Nimeimba saa nzima na nusu. Hakuna aliyeniita. Nilirudi saa kumi kasoro dakika tano, nikavua viatu, nikampa baba yangu asubuhi.

Amesema amelala vizuri kuliko siku zote za mwezi huu. Basi ubaya uko wapi?

Jumatano, 26 Oktoba

Kwaya. Kalenda mpya bado sijainunua.

Jumapili, 30 Oktoba

Usiku wa kuamkia leo saa zimerudishwa nyuma nchi nzima. Serikali imewapa watu milioni kumi na saba saa moja ambayo haipo, na hakuna anayeiita katili.

Ijumaa, 4 Novemba

Leo haikuwa Jumatano. Nilitaka tu kula keki ya tofaa mjini, kwenye meza ya dirishani, nikiwa peke yangu. Nimeila polepole.

Jumatano, 9 Novemba

Baba hujinyoa mwenyewe kila asubuhi kwa kupapasa. Leo, kwenye asubuhi yake ya pili, nilimkuta amekaa na wembe mkononi, sabuni imeanza kukauka.

"Njoo ushike hapa."

Nikashika kidevu. Kilikuwa laini; zilikuwa zimepita saa tisa tu tangu ajinyoe.

"Ndevu zinakataa kuota," akasema. "Asubuhi nyingine zipo, nyingine hamna kitu. Na chakula hakinipiti. Nakaa mezani nimeshiba kama nimetoka kula." Akafuta wembe kwenye taulo. "Ng'ombe akianza hivyo, tulikuwa tunajua."

"Uzee, Baba."

"Uzee naujua. Huu ni kitu kingine. Nifikishe tarehe kumi na mbili tu."

Nilikwenda jikoni nikasimama mbele ya kopo la unga. Nilijihurumia zaidi kuliko nilivyomhurumia yeye, na naandika hivi kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nimetoka kwaya, na tayari nilikuwa naingoja Jumatano ijayo.

Ijumaa, 11 Novemba

Mji, keki ya tofaa.

Jumatatu, 14 Novemba

Mvua. Sikwenda popote. Nilizungusha kitufe nikakaa jikoni mikono mapajani, nikisikiliza ukimya.

Jumatatu, 21 Novemba

Kwake leo ni tarehe tano Desemba, jioni ya Mtakatifu Nikolasi, sikukuu ya zawadi. Asubuhi aliuliza kama atapata herufi yake ya chokoleti. Kila mwaka hupata herufi ya kwanza ya jina lake, kama mtoto, na kila mwaka husema ni upuuzi. Bahati nzuri maduka ya huku huanza kuziuza Septemba. Nilimnunulia H, ya chokoleti nyeusi. Aliila yote kwa mpigo mmoja, kitu ambacho hajawahi kufanya. Kwa kawaida humchukua wiki, mguu mmoja wa herufi kwa siku.

"Unakula kama mtu anayesafiri," nikamwambia.

"Sijui nitakuwepo kumalizia," akasema.

Jumamosi, 26 Novemba

Sikuwa nimepiga hesabu. Naapa.

Asubuhi alichana karatasi akanipa, akauliza iliyobaki ukutani inasemaje. Nikaisoma kabla sijafikiri: tarehe kumi na mbili Desemba. Nyuma ya ile aliyochana kulikuwa na kichekesho cha kasisi na nguruwe, nikamsomea, hakucheka. Alikuwa anatabasamu tayari kwa jambo lake.

"Niletee suti."

Ningeweza kusema hapo hapo. Ningesema, Baba, karatasi ziligandana, umechana nyingi. Badala yake nilimpigia simu Rienk, nikamwambia Baba anadhani leo ni siku yake, bila kusema kwa nini.

"Acha kila kitu kama kilivyo," akasema, na nikasikia anatafuta kalamu. "Kamera inafanya kazi. Dada, usiguse chochote."

Nilipaswa kumwogopa. Lakini nilishusha pumzi, kwa sababu amenipa ruhusa ya kutofanya kitu.

Baba alipanga viti mwenyewe. Siku ya kuzaliwa viti hukaa duara, huo ndio utaratibu, na yeye alivisukuma kimoja kimoja akivitumia kama mkongojo: vya chumbani, kisha vya jikoni, kisha kile cha choo cha usiku alichokifunika kitambaa. Viti kumi na kimoja. Nilikimbia dukani nikarudi na keki. Saa nne alikuwa ameketi chini ya dirisha la maziwa, tai imekaa upande, nywele zimelazwa kwa maji.

Saa tano akasema, "Watakuwa wanasubiriana mlangoni, nani aingie kwanza."

Saa sita akasema nisikate keki.

Saa nane akauliza kama barafu imeanza barabarani. Nikasema kidogo.

"Huwa wanakuja wote," akasema. "Hata wale nisiowapenda. Wao ndio hutangulia, kwa ajili ya keki."

"Labda wamesahau."

"Aukje alisema hata kwa kutambaa."

"Goti, Baba."

"Goti si mdomo. Simu ipo."

Alikaa hadi saa kumi. Mikono ilikuwa juu ya magoti, kila mmoja goti lake, kama anapigwa picha. Kisha alinyoosha mkono wa kulia hewani, upande niliokuwa nimesimama. Huku kwetu siku kama hiyo hupongezwa nyumba nzima. Wageni humpa mkono mwenye siku, halafu mke, watoto, hata jirani: hongera kwa baba yako, hongera kwa mume wako. Hakukuwa na mtu wa kunipongeza mimi. Kwa hiyo akanipa mkono yeye.

"Hongera kwa baba yako, Froukje," akasema.

Nikaupokea. Ulikuwa wa baridi. Nilisema asante, kwa sababu ndicho kinachojibiwa. Halafu alivirudisha viti mahali pake, kimoja kimoja, akakataa nisimsaidie.

Jumapili, 27 Novemba

Sijagusa kitufe. Hajaniita hata mara moja.

Alhamisi, 1 Desemba

Aukje amerudi. Alikuja saa nne kamili kwa magongo mawili, mashavu mekundu, biskuti za Zwolle mfukoni. Baba hakuinua uso.

"Umechelewa," akasema.

"Saa nne hii, Haye. Saa yako yenyewe inagonga, ingawa inagonga kama chura."

"Siku tano. Nilikaa humu na suti. Viti kumi na kimoja."

"Suti ya nini?"

"Ya miaka yangu tisini, mwanamke!"

Aukje alinitazama. Nikainamia kopo la biskuti.

"Haye," akasema polepole, sauti ambayo sijawahi kumsikia akimpa Baba. "Siku yako bado. Leo ni tarehe moja. Zimebaki siku kumi na moja."

"Tarehe kumi na saba! Soma ukutani!"

Akasoma ukutani. Kalenda ilikuwa inasema kumi na saba. Aukje aliketi, akaweka magongo chini, akambembeleza kwa biskuti kama anavyobembelezwa mtoto mgonjwa, na Baba, ambaye hajawahi kukubali kubembelezwa, akaipokea. Mlangoni Aukje alinishika mkono.

"Anachana tu, mwanangu. Anachana bila kujua. Kwa nini hukuniambia? Umebeba mzigo huu peke yako." Alikuwa analia. "Nitampigia daktari mimi, usijisumbue."

Nikamwambia asante.

Ijumaa, 2 Desemba

Daktari Hylkema alikuja saa tatu asubuhi. Ni mwanamke mwema, wa haraka, aliyemtibu Mama. Alivuta kiti karibu na Baba.

"Mzee Haye, nakuuliza maswali ya kijinga. Usinipige."

"Uliza."

"Mwaka gani huu?" Akajibu. "Mfalme ni nani?" Akajibu, na kumtukana kidogo. Mia moja toa saba, toa saba, toa saba: alikwenda hadi mbili bila kupumua.

"Na leo ni tarehe ngapi?"

Baba alikaa wima. Nilimwona akijiandaa kwa furaha, kama mtu anayeombwa wimbo anaoujua.

"Jumapili, tarehe kumi na nane Desemba."

"Mimi nimekuja kazini Jumapili?"

"Nilijiuliza. Nikadhani hali ni mbaya kuliko mnavyoniambia."

Daktari aliandika. "Leo ni Ijumaa, tarehe mbili. Mtakatifu Nikolasi bado hajapita."

"Amepita. Nilikula herufi yangu. H. Nyeusi." Kisha akageuza uso kunitafuta, na macho yake yakatua kidogo pembeni yangu, kama kawaida. "Froukje. Mwambie. Nilikula au sikula?"

Karatasi ya ile herufi ilikuwa bado kwenye ndoo ya taka jikoni. Kitufe kilikuwa nyuma ya kopo la unga. Neno moja lilitosha, na neno hilo nilikuwa nalo mdomoni kwa muda mrefu kiasi kwamba daktari aliacha kuandika akanitazama.

"Hujala, Baba," nikasema.

Alilamba midomo. Nadhani alikuwa anatafuta ladha. Kisha uso wake ukalegea wote, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona baba yangu anaogopa.

"Basi nilisema," akasema. "Nilisema mbele yako, daktari. Nipelekeni."

Sitaandika kwamba sijui kwa nini nilifanya vile. Najua. Kwa sababu Jumatano saa nane mchana nasimama kati ya mke wa mchinjaji na mwalimu wa hesabu, na hakuna anayegonga ukuta.

Jumapili, 4 Desemba

Rienk amekuja mbio. Nilimwandalia supu ya njegere, hakuigusa. Alikuwa amefungua kumbukumbu za mashine.

"Mimi niliomba nne, dada. Mashine inasema kumi na sita."

"Inajua kuhesabu."

"Tumwambie. Leo hii. Nitamwambia mimi, ni kazi yangu, atanilaani mimi."

Nilimtazama mdogo wangu. Miezi mitatu nimemwona kama mtu asiye na moyo, na kumbe anao, mdogo, unaodunda akiguswa kidogo. Nilimdharau.

"Mwambie," nikasema. "Halafu abaki hapa, na wewe uje uishi naye. Chumba cha juu kitupu. Anaita mara thelathini na nne kwa siku."

Akatazama dari, upande wa chumba cha juu.

"Na ufunguzi wa maonyesho yako Rotterdam ni Januari," nikaongeza. "Utawaambia nini? Kwamba mtu wako asiyejua ameshajua?"

Akavuta sahani ya supu. Ilikuwa imeshaganda juu. Akaila hivyo hivyo.

Jumanne, 6 Desemba

Tumempeleka. Chumba namba kumi na nne, dirisha la kioo angavu, linatazama mfereji. Hakuaga nyumba. Alisema tu nisiisahau kalenda. Kisha akasema hapana, iache, haina kazi tena.

Jumatatu, 12 Desemba

Miaka tisini. Wamekuja wote, hata wale asiowapenda, nao walitangulia. Duara la viti, kahawa, kipande kimoja kimoja cha keki. Watu ishirini na wawili wamenipa mkono: "Hongera kwa baba yako, Froukje." Nimesema asante mara ishirini na mbili.

Baba alikuwa na adabu kwa kila mtu. Ilinitisha. Aukje alimtania kuhusu tai, naye akamjibu, "Kama unavyosema, Aukje. Wewe ndiye unayejua."

Alhamisi, 15 Desemba

Mafundi wamekuja. Hawakubomoa vioo tu. Rienk amechukua chumba chote: mbao za ukuta, saa, kalenda, kitanda cha kabatini. Kitajengwa upya ndani ya makumbusho, watu waingie mmoja mmoja. Mbele ya nyumba kuna tundu lililofunikwa turubai, na kutoka barabarani unaweza kuona hadi jikoni. Hakuna aliye na cha kusema sasa. Kila kitu kiko wazi.

Jumatano, 21 Desemba

Siku fupi kuliko zote. Nilipita kwa Baba baada ya kwaya, nimeshika nota. Alikuwa ameketi dirishani, hajanyoa.

"Njoo ushike hapa."

Nikashika. Kidevu kilikuwa kama brashi ya viatu.

"Zimerudi," akasema. "Nilikaa wiki nzima nazipapasa. Nilikuwa nanyoa, na kila asubuhi zipo. Hata moja haikukosa. Leo nimeziacha uzione." Sauti yake haikuwa na hasira. "Mtu akichanganyikiwa kichwa, Froukje, kidevu chake hakichanganyikiwi. Herufi niliila."

Nilitafuta pa kukaa. Kulikuwa na kiti kimoja tu, chake.

"Uliila," nikasema.

"Usiku wenu ulikuwa wa saa ngapi?"

"Tatu. Tatu na nusu."

Alitikisa kichwa kama anayekubali bei. "Basi nirudishe nyumbani. Tarehe nilikuwa naijua."

"Chumba hakipo, Baba. Rienk amekichukua. Kiko Rotterdam."

"Kitanda?"

"Na kitanda."

Nje, mwanga ulikuwa unaondoka juu ya mfereji, na alikuwa anaufuata kwa uso. Hakunilaani. Nilisubiri alaani, nilitaka sana alaani.

"Na wewe ulikuwa unakwenda wapi, mimi nikilala?"

"Kwaya."

"Kuimba."

"Ndiyo, Baba."

"Hebu imba nisikie."

Nilimwambia mimi ni sauti ya pili, haiimbwi peke yake, inahitaji wenzake. Akasema atasikiliza hivyo hivyo. Nikafungua nota. Ni wimbo wa Krismasi ambao kila mtu wa huku anaujua, lakini sehemu yangu ina noti nne tu zinazorudiarudia, zinapanda kidogo na kushuka, na ukiisikia yenyewe huwezi kujua ni wimbo gani. Niliimba mpaka mwisho, beti zote tatu. Yeye aliinamisha kichwa, akasikiliza kwa makini kabisa.

"Ni hiyo tu?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, ni hiyo tu.